Chembe Iutafutayo Mfupa

Saratani ya matiti au ya tezi dume ikihama, mara nyingi huhamia mifupani, na huko hujificha vizuri. Eksirei haioni shimo mpaka mfupa uwe umepoteza kati ya theluthi moja na nusu ya madini yake. Uti wa mgongo waweza kuwa unaliwa huku picha ikitoka safi. Ndiyo maana nawastahi mno mafundi wa chembe zing'aazo, zinazotumwa kuusaka ugonjwa huo ungali mchanga.

Mwaka 1993, katika chuo cha MIT nchini Marekani, Moungi Bawendi na wanafunzi wake walidunga malighafi yenye kadmiamu na seleniamu ndani ya kimiminika cha moto mkali. Fuwele, ndizo chembe hizo zing'aazo, zikazaliwa zote kwa mkupuo, joto likashuka, kisha wao wakaamua zikue kiasi gani. Ukubwa ndio rangi: fuwele ya nanomita mbili hung'aa buluu, ya sita hung'aa nyekundu, na dutu ni ile ile! Kazi hiyo ilimpa Bawendi sehemu ya Tuzo ya Nobeli ya Kemia ya 2023.

Lakini kung'aa ni nusu nyepesi ya kazi. Chembe tupu ikiingia kwenye damu hunaswa na ini na wengu, na kadmiamu ni sumu. Kwa hiyo fundi huivika ganda, au huiacha kadmiamu akatumia silika, kisha juu yake hupachika alendroneti, dawa wanayopewa wazee ambao mifupa yao imekuwa myepesi. Alendroneti hung'ang'ania madini ya mfupa, hasa pale yalipochimbuliwa yakabaki wazi. Hapa ndipo ninapostaajabu: saratani huziamsha seli zinazobomoa mfupa, na ubomoaji huohuo ndio unaoifichua.

Nyama na damu hufyonza mwanga wa kawaida, basi huchaguliwa chembe za miali ya infraredi iliyo karibu na nyekundu, ambayo hupenya zaidi. Katika panya wa maabara, mifupa huonekana kupitia ngozi. Katika paja la mtu mzima mwanga huo haujaweza kutoka kwenye kina, na hospitali bado hutegemea dawa zenye mnunurisho. Hata hivyo, anayeijengea chembe njia ya kuufikia mfupa unaoliwa anastahili heshima ile ile tunayompa daktari mpasuaji.