Foto ya gari moshi na mtu anayeipa mgongo

Hapa kwetu imepita foto ya mwenzetu mmoja: toge ya collation mwilini, diplome mkononi, amesimama katikati ya reli, na nyuma yake gari moshi inakuja. Tuliandika "moto!", hata mimi. Kiisha nikaanza kuiangalia kama foto, si kama sherehe, nikaona ni foto mbaya. Kusudi niseme sababu, nipitie kwanza kwa mzee mmoja wa Marekani.

O. Winston Link (1914–2001) alisomea injinia ya ujenzi, lakini akaishi kwa kupiga foto za biashara. Toka 1955 mpaka 1960 alifuata gari moshi za mvuke za kampuni Norfolk and Western, wakati zilikuwa zinaondolewa. Alipenda usiku. Foto yake inayojulikana zaidi, "Hotshot Eastbound", ni ya 1956, kule Iaeger, West Virginia. Watu wako ndani ya magari yao, wanaangalia sinema uwanjani. Mbele kijana na msichana wameegemeana. Kwenye ekrani kuna ndege. Na kule nyuma gari moshi inapita na moshi wake mweupe. Utamu wote uko hapo: kitu kikubwa vile kinapita, karibu kiishe duniani, na watu wako kwenye sinema.

Angalia sasa namna ilitengenezwa. Kampuni ilimpa ruhusa. Alipanga flashi zaidi ya 40, zimeungwa na waya, ziwake mara moja tu, juu balbu ya wakati ule ikiisha kuwaka imekufa. Yeye na kamera yake walikuwa mbali, ngʼambo ile ya magari. Hakuna mtu aliyegusa reli.

Lawama ninayo. Mwanga wa flashi ulifuta ekrani, kwa hiyo ile ndege aliiweka baadaye kutoka negativu ingine. Na wale wapenzi aliwapanga ndani ya gari yake mwenyewe, kama miche ndani ya pépinière. Namsamehe. Kupanga hakuui mtu.

Turudi kwa mwenzetu. Telefone zetu zinapanua kila kitu: cha mbali kinaonekana mbali zaidi. Ndiyo maana gari moshi yake ni alama ndogo tu pembeni ya sikio, na uso wake ni mweusi kwa sababu mwanga uko nyuma. Akitaka ionekane kubwa, itabidi iwe karibu sana, na pale hakuna tena wakati wa kutoka. Yeye ameipa mgongo; aliyeshika telefone anaangalia uso wa rafiki. Nani anaangalia njia? Gari moshi yenye mzigo inaweza kuhitaji zaidi ya kilometa moja kusimama, na behewa ni pana kupita reli, kwa hiyo kusogea hatua moja haitoshi. Na siye wa Katanga tuna njia za umeme: ule waya wa juu una volti 25 000, unaua mtu hata hajaugusa. Kupanda juu ya wagon na fimbo ya selfie, hapana kabisa.

Hatari yote ile haikuleta kitu ndani ya foto. Kwenye quai, kwa ruhusa ya chef de gare, gari ikiwa imesimama, angepata mashine nzima na uso wenye mwanga. Ao kwenye kilima, mbali na njia, saa kumi na moja ya magharibi. Ndugu, toge bado unayo? Twende jumamosi, nitakupiga mimi.