Kitabu cha Mwisho cha Chen Yinke

Mji wa Guangzhou ndio ule ambao mabaharia wa Oman na Siraf waliujua kwa jina la Khanfu. Hapo, katika Chuo Kikuu cha Zhongshan, mwanahistoria Chen Yinke alimalizia umri wake, akafariki tarehe 7 Oktoba 1969. Kitabu chake cha mwisho, wasifu wa Liu Rushi, kilichapwa Shanghai mwaka 1980 kwa juzuu tatu. Nakitia mizanini hapa kwa kuwa kinahusu jambo lililo nyumbani mwetu: vipi kuwaandika watu walioangukiwa na dola yao.

Chen hakuwa mtu wa mimbari, ingawa kwa miaka mingi alizama katika maandiko ya Kibudha ya Kisanskriti na Kitibeti. Itikadi yake aliiandika mwaka 1929 kwa ajili ya jiwe la ukumbusho wa mwenzake Wang Guowei, akitetea uhuru wa roho na wa fikra. Mwaka 1953 aliitwa Beijing aongoze taasisi ya historia. Akataka kwanza taasisi hiyo isilazimishwe Umaksi wala darsa za siasa, na wakubwa wa nchi wampe hati ya hayo. Akabaki Guangzhou. Macho yalikwisha kupofuka, na mwaka 1962 akavunjika mguu. Mapinduzi ya Utamaduni yalipoanza mwaka 1966, mshahara wake ulizuiwa, karatasi zake zikachukuliwa, vipaza sauti vikaelekezwa nyumbani kwake. Mkewe, Tang Yun, alimfuata kaburini baada ya siku 45.

Kitabu chenyewe alikitunga kwa mdomo kwa muda wa miaka kumi hivi, msaidizi wake Huang Xuan akiandika. Liu Rushi alikuwa mshairi aliyetoka katika nyumba za starehe, akaolewa na Qian Qianyi, mwanachuoni mkubwa wa zama za Ming. Mwaka 1645 Qian alikuwa miongoni mwa walioukabidhi mji wa Nanjing kwa Wamanchu. Zaidi ya karne moja baadaye Mfalme Qianlong alipiga marufuku vitabu vyake, na jina lake likabaki na doa la uhaini.

Chen hamsafishi Qian. Kusalimu amri anakuweka wazi, pamoja na aibu yake. Kisha anafuata mashairi ya mume na mke, beti kwa beti, akiuliza limetungwa mwaka gani, kwa nani, safari ipi, mpaka anatokea mtu yule yule akiwasaidia kwa siri waliokuwa wakipigania kurejesha Ming, na mke ndiye mwenye moyo mgumu zaidi.

Upungufu upo. Chen ananukuu mno, na msomaji asiye na subira atachoka mapema. Tena, mapenzi yake kwa Liu yanamvuta: shairi na tarikhi vinapokubaliana hoja yake ni imara, lakini pale shairi linaposimama peke yake, kila fumbo kwake linakuwa habari ya siri. Hapo mimi simfuati.

Hata hivyo njia yake inatufaa. Mashairi ya Muyaka bin Haji tumezoea kuyasoma kwa utamu wa lugha. Wachache huyasoma kama hati za Mombasa iliyokuwa ikipambana na Sayyid Said, kabla Mazrui hawajaangushwa mwaka 1837. Na kuhusu Zanzibar ya 1964, maandishi ya familia zetu, haya ya jarida hili yakiwemo, yana mafungu mawili tu: waliodhulumiwa na wasaliti. Yuko wapi aliyebaki Unguja akashika kazi ya serikali mpya, na usiku akawapitishia jamaa zake chakula au chombo cha kuvukia? Watu wa namna hiyo wapo katika nasaba zetu. Wengine majina yao yamerukwa makusudi, na wanaojua sababu ni wazee wa Muscat na Mombasa ambao hatujawauliza.

Chen alianza na kitu kidogo kuliko hicho. Alipokuwa mkimbizi wa vita huko Kunming, muuza vitabu alimwuzia punje moja ya mbegu nyekundu, iliyosemwa imetoka katika bustani ya Qian. Aliiweka miaka kama ishirini kabla ya kuanza kuandika.