Malka ndani ya hifadhidata

Nchini Kenya, sheria ya mafunzo ya ufundi ya mwaka 2013 ndiyo iliyoleta baraza la mitaala la TVET CDACC, na pamoja nalo utaratibu wa kupima umahiri kwa kazi zilizofanywa. Mtaala wa fundi wa TEHAMA una umahiri wa msingi, kama mawasiliano, hesabu, mazingira na ujasiriamali, kisha wa fani yenyewe. Kwenye karatasi taaluma zimeshakutana. Darasani ni rahisi fungu la kwanza kugeuzwa kiporo: wanafunzi wa TEHAMA na wa kilimo wanakariri maelezo yaleyale ya mazingira, kila mmoja chumbani kwake.

Ili kuzikutanisha kweli, chuo kidogo upande wa Garsen, kwenye Delta ya Tana, hakihitaji idara mpya. Kinahitaji kazi moja inayowashinda wanafunzi wa kila fani wakiwa peke yao, na delta ina kazi kama hizo. Mpango wa matumizi ya ardhi wa delta hiyo ulijengwa kwa kuunganisha taaluma: ramani za kompyuta, takwimu za maji na mifugo, na wazee wa vijiji.

Chukua malka, njia ya mifugo kwenda mtoni. Kuipima kwa simu yenye GPS ni kazi ya asubuhi moja. Utata ni ushahidi: mfugaji wa Kiorma ataonyesha njia pana, mkulima wa Kipokomo ataonyesha migomba yake palepale. Mwaka 2012 zaidi ya watu 100 waliuawa katika mapigano ya delta, na maji na malisho yalikuwa ndani ya ugomvi huo. Kwa hiyo jedwali lenye latitudo na longitudo tu ni jedwali la hatari. Linahitaji safu ya nani alisema, lini, na nani anapinga. Nani aruhusiwe kuliona? Hapo wanaingia mwalimu wa sheria, Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 na ile ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kwa maoni yangu, somo lote la hifadhidata lingeanzia kwenye safu hizo. Amri za SQL zitafuata, wala si ngumu hivyo.

Mafuriko yanafaa kwa kazi ya pili. Bwawa la Masinga, juu kwenye Mto Tana, likifurika, maji hushuka kupitia Garissa na Hola kabla ya kufika Garsen. Programu ya kutuma ujumbe mfupi wa tahadhari ni nyepesi. Kuamua useme mita za maji au useme “hamisheni ng'ombe” kunamtaka mtu wa kilimo.

Kila kazi ipimwe na wakufunzi wawili wa idara tofauti, ushahidi uleule uingie kwenye majalada ya wanafunzi wote. Ratiba ndiyo itakayoleta kelele, maana mkufunzi huhesabiwa vipindi kwa idara yake. Na uwandani waende Januari hadi Machi, kabla masika hayajakata barabara: ndio wakati wa kiangazi, makundi ya mifugo yameteremka deltani, na malka zinatumika machoni pa mpimaji.