Mshono wa Arthashastra

Mwaka 1905, katika maktaba ya Mysore kusini mwa India, mkutubi R. Shamasastry alikuta mswada wa majani ya mti wa jamii ya mvumo, ulioandikwa kwa herufi za Grantha. Ulikuwa Arthashastra, kitabu cha uendeshaji wa dola ambacho wasomi walikijua kwa kusikia kikitajwa tu. Alikichapa mwaka 1909, na ubishi juu ya mwandishi wake haujaisha. Mimi kinachonivuta ni uandishi.

Ni Kisanskriti kilichokamuliwa. Sentensi nyingi hazina kitenzi. Nomino hupangwa bega kwa bega, msomaji akajaza mwenyewe. Kila sura hufungwa kwa ubeti au beti kadhaa. Penye mabishano huitwa wakubwa wa zamani, Bharadvaja, Vishalaksha, Parashara, kila mmoja akimkosoa aliyemtangulia, hadi Kautilya, anayehesabiwa kuwa mwandishi, anakata shauri kwa jina lake mwenyewe. Baraza zima katika mistari michache!

Na fundi huyu alijua anachokifanya. Katika kitabu cha pili kati ya vitabu 15 vinavyounda Arthashastra anaeleza barua za mfalme ziandikweje: hoja zifuatane kwa uzito, la mbele lisipingane na la nyuma, neno lisizidi wala kupungua, lugha iwe tamu, yenye hadhi, inayoeleweka. Kisha anataja makosa: jani lililochafuka, herufi zisizolingana, maandishi yaliyofifia, kurudia bila sababu, kukosea jinsia au idadi ya neno. Nimehariri makala za watu miaka mingi, sijaona maelekezo yanayoyashinda hayo. Kitabu cha 15, cha mwisho, kinaeleza mbinu 32 za utunzi, na mifano yake inatoka humo humo katika Arthashastra.

Ubeti wa mwisho unamtaja mwandishi kuwa Vishnugupta, na mapokeo yanasema yeye na Kautilya ni mtu mmoja, Chanakya, mshauri wa mfalme Chandragupta Maurya. Mwaka 1971 mwanahistoria Thomas Trautmann alipita njia nyingine kumtafuta mwandishi: alihesabu maneno madogo kama *ca*, yaani "na", ambalo hukaa nyuma ya neno linaloliunganisha, na *vā*, yaani "au". Mada ya kodi humlazimisha mtu kutumia maneno ya kodi. Lakini "na" yake humtoka bila kufikiri. Hesabu zilitofautiana kutoka kitabu hadi kitabu, akahitimisha kwamba walioandika ni zaidi ya mmoja. Basi yuko aliyekusanya kazi za mikono hiyo na kuziunga, na kwa macho tu, mshono wake hauonekani.