Pongezi kwa Wahudumu wa Afya wa Vilimani

Burundi haina vijiji kama vya Tanzania. Watu wanaishi wametawanyika vilimani, kila kaya na migomba yake, na njia ya kwenda kituo cha afya ni mteremko kisha mpando. Ndiyo maana nawavulia kofia wahudumu wa afya wa jamii wa Gitega na Muyinga, wanaofika mlangoni kabla mgonjwa hajabebwa.

Kazi yao inaonekana ndogo mpaka uitazame kwa karibu. Mtoto wa miaka miwili akikohoa, wanahesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Zikifika 40, anashukiwa nimonia. Utepe wa mkononi ukisoma chini ya milimita 115, huo ni utapiamlo mkali. Mwenye homa wanampima malaria kwa tone la damu, ugonjwa ambao mwaka 2017 serikali iliutangaza kuwa janga.

Tangu 2006 watoto chini ya miaka mitano na akina mama wanaojifungua hutibiwa bure katika vituo vya umma. Uamuzi mzuri sana, lakini foleni ziliongezeka, na ubure hausaidii kitu kama mama hajui aende lini. Anayemwambia ni jirani yake, mkulima kama yeye, aliyechaguliwa na wakazi wenzake.

Mkulima huyo hana mshahara wa mwezi. Wizara na wafadhili, mlipeni. Sifa hainunui maharagwe.