Jino Moja la Mbele

Kutoka Namuwongo hadi Muyenga, jijini Kampala, si mbali, ila ni kupanda tu. Chini kuna reli, mfereji wa Nakivubo na nyumba zilizobanana za mtaa wa Soweto. Juu kileleni yapo matangi ya maji yaliyofanya watu wauite mlima ule Tank Hill. Bodaboda yenye abiria wawili na gunia hupanda pale ikihema, na si ajabu kumsikia mwenyewe akiilaumu injini. Fundi hainami hata kuitazama injini. Anachuchumaa ubavuni na kuhesabu meno.

Pikipiki ina sproketi mbili: ndogo kwenye shafti ya giaboksi, kubwa kwenye gurudumu la nyuma, na cheni ndiyo inayoziunganisha. Tuseme ya mbele ina meno 14 na ya nyuma 42. Ya mbele itazunguka mara 3 ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Weka mbele ya meno 13, hesabu inafika 3.23: nguvu inayofika kwenye gurudumu inaongezeka kwa karibu asilimia 8, na mlima unapandika. Gharama yake inaonekana kwenye lami. Ukienda kilomita 60 kwa saa, injini sasa inazunguka kama ilivyokuwa ikizunguka kwenye karibu 65, na petroli inaliwa. Anayetaka kupata nafuu hiyo hiyo kwa upande wa nyuma lazima aongeze meno 3, afike 45. Jino moja la mbele ni sawa na matatu ya nyuma, na hapo ndipo ufundi wote unapoanzia.

Kwa hiyo fundi mzuri huuliza kabla ya kushika spana. “Ssebo, unafanyia kazi wapi?” Anayezunguka Kisugu na katikati ya jiji, akisimama na kuondoka kila baada ya mita chache, ana shida yake. Anayeshusha mkaa kutoka vijijini, kwenye njia za udongo mwekundu ambazo mvua za Machi hadi Mei huzigeuza utelezi, ana nyingine kabisa. Bajaj Boxer na TVS zilizojaa Kampala hazikuuzwa kama pikipiki za porini, lakini nyingi zinaishi maisha ya porini, na ni fundi wa kando ya barabara anayezifanya ziyaweze. Ninachokistahi kwake ni kwamba hamwahidi mtu kupata yote. Anamwambia wazi: ukipata mlima, utapoteza mwendo. Kisha ananyamaza, amwache mwenye pikipiki aamue.

Cheni yenyewe ni kitu cha kuheshimiwa. Hans Renold, Mswisi aliyehamia Manchester, alibuni cheni ya aina hii mwaka 1880, na umbo lake halijabadilika sana tangu hapo: bamba, pini, bushi na rola. Cheni ya pikipiki ndogo zetu huitwa 428. Tarakimu ya kwanza inataja nafasi kati ya pini na pini kwa sehemu za nane za inchi. Nne za nane ni nusu inchi, yaani milimita 12.7. Pikipiki za mashindano ya matope, kama zinazoruka vilima kwenye uwanja wa Garuga upande wa Entebbe, nyingi hutumia 520, yenye nafasi ya milimita 15.875, na sproketi zao za nyuma huwa na meno 50 hivi. Saizi hizo mbili haziingiliani hata kwa nyundo.

Kujua kama cheni imechoka, fundi hupima nafasi 20 za pini. Ikiwa mpya, 428 hutoa milimita 254. Ikifika 259, imekwisha. Cheni iliyovutika huyala meno mpaka yanapinda kama ya papa, na kufunga cheni mpya juu ya meno hayo ni kuiua ndani ya muda mfupi. Mteja mwenye fedha kidogo huomba abadilishiwe kimoja tu, cheni au sproketi. Fundi anayekataa ombi hilo kwa upole, akajieleza mpaka akaeleweka, ana haki ya kujiita fundi.

Kuna jambo dogo ambalo wengi hawalioni. Pingili za cheni hupishana, nyembamba na pana, kwa hiyo idadi yake ni shufwa. Sproketi yenye meno shufwa itakutana na cheni kwa mpangilio ule ule siku zote: jino hili daima na pingili nyembamba, lile daima na pana. Yakiwa witri, 13 au 15 au 43, kila jino linapokezana, na ulaji unagawanyika. Ila 13 ina adhabu yake pia, kwa sababu cheni hujikunja zaidi kwenye duara dogo, na kila mkunjo unasaga pini.

Kisha inakuja kukaza, na hapa haraka ni adui. Gurudumu la nyuma linapopanda na kushuka, cheni hukazika na kulegea. Hukazika zaidi pale shafti ya giaboksi, egemeo la mkono wa nyuma na ekseli zinapokaa mstari mmoja. Nimeona vijana wawili wakiitwa kukalia pikipiki, shokapu zikabonyea mpaka mstari ukapatikana, na fundi akapima ulegevu pale pale, gurudumu likizungushwa polepole atafute sehemu iliyobana kuliko zote. Haziamini alama zilizochorwa kwenye mkono wa nyuma. Anapiga magoti nyuma na kuitazama cheni kwa jicho moja kama imenyooka. Klipu ya kiungio inawekwa upande wake uliofungika ukitangulia, ili kitu kikiigonga kisiichomoe.

Kazi iliyonipendeza kuliko zote ilikuwa ya mwendeshaji aliyefanya kazi mjini lakini kwao ni milimani. Kila jino linaloongezwa hula nusu pingili ya cheni, hivyo ekseli husogea robo tu, kama milimita 3. Fundi aliikata cheni ekseli ikakaa katikati ya tundu lake la kurekebishia, nafasi ikabaki mbele na nyuma. Akamfungia 14 ya kazi za mjini, akamkabidhi 13 ndani ya kitambaa pamoja na bolti zake mbili. Akifika kwao ataibadilisha mwenyewe kwa spana mbili, bila kukata wala kuongeza pingili hata moja.