Mkia wa Ripita

Kabla waya haujaingia kibandani, unashuka kwanza. Umeachwa ulegee makusudi, ukafanya tumbo chini ya tundu la ukutani, ndipo ukapanda tena kuingia. Mvua ikinyesha, maji yanateremka na waya hadi kwenye lile tumbo, yanadondoka, yanaishia hapo. Nilipouona mara ya kwanza nilidhani mtu kakata waya mrefu kuliko kipimo akaona uvivu kuupunguza. Fundi akacheka. “Hilo tumbo ndilo litakuambia aliyefunga ni fundi au mpita njia.”

Tulikuwa juu ya kilima cha mawe nyuma ya Buswelu, hapa Mwanza, mimi nikiwa na sanduku la spana, yeye na chupa mbili za maji ya betri. Juu ya jabali mjusi wa Mwanza, yule mwenye kichwa chekundu na kiwiliwili cha buluu, alikuwa akipiga pushapu zake kana kwamba kilima ni chake. Kibanda cha bati, mnara mwembamba, paneli nne za sola, na ndani ripita ya redio koli.

Kazi ya ripita ni kupokea sauti hafifu na kuirusha upya kwa nguvu. Watu wawili kwenye mitumbwi, antena zao zikiwa mita mbili juu ya maji, wanasikilizana kama kilomita 11, basi. Mbele ya hapo mgongo wa dunia umeingia kati. Inua antena moja mita 150 juu ya ziwa, na mwenye mtumbwi anafikika zaidi ya kilomita 50. Utasema siku hizi simu zipo. Simu inampata mmoja. Redio ukibonyeza, wote walio hewani wamesikia kwa mpigo mmoja, na hakuna wa kukwambia salio halitoshi.

Ugumu ni kwamba ripita inasikiliza na kusema wakati uleule, mara nyingi kwa antena ileile. Inarusha, tuseme, wati 25, huku inategea sikio ishara isiyofika hata sehemu moja ya trilioni ya wati. Ni kama muadhini aadhini kwa sauti yake yote, na papo hapo amsikie mtoto anayenong'ona chini ya mnara. Kwenye masafa ya megahezi 145, wanayotumia watu wa redio za ridhaa upande wetu huu wa dunia, pengo kati ya sikio na mdomo ni kilohezi 600 tu. Kinachotenganisha viwili hivyo ni dupleksa: safu ya mitungi ya chuma, kila mmoja na fimbo katikati na nati juu. Fundi analegeza nati, anasogeza fimbo kiasi cha unywele, anatazama mita, anangoja. Anasogeza tena. Nilimhesabia karibu saa nzima kwenye mtungi mmoja, na sikumsikia akisema neno. Mimi ningekuwa nimeshaugonga kwa spana.

Watu wa ridhaa ndio waliougeuza ufundi huu kuwa mapenzi. Hapa kwetu ni wachache. Alama zao za hewani zinaanza na 5H. Enzi za Tanganyika ya Mwingereza zilikuwa VQ3. Leseni wanapewa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi, na sharti lao ninalolipenda ni kwamba hawaruhusiwi kuifanya redio yao biashara. Fundi wangu analipwa, ila lile tumbo la waya hakuna mkaguzi aliyewahi kuliulizia.

Radi ndiyo mwenye kilima. Ziwa letu ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa radi sana duniani, hasa usiku, na mnara juu ya jabali ni kama mtu aliyenyoosha mkono peke yake darasani. Kwingine unachimbia fimbo ya shaba ardhini, umemaliza. Itale haipitishi umeme kwa urahisi. Kwa hiyo fundi anatafuta ufa wenye udongo, anachimba shimo, anajaza mkaa na chumvi, anatandaza utepe wa shaba, na kiangazi anapanda na ndoo kulimwagilia shimo maji. Wanaopita humuuliza anapanda mti gani. Utepe wenyewe anaukunja kwa duara pana, kamwe si kwa kona, kwa sababu radi ikifika kwenye kona huruka njia.

Betri zina siku yake. Kibomba cha kioo chenye kielea ndani kinaingizwa chumba kimoja kimoja, kwa kuwa chumba kimoja kibovu huangusha betri nzima. Ule unga mweupe wenye ukijani kwenye vichwa vya betri unaoshwa kwa maji ya moto yenye magadi, kisha vinapakwa grisi.

Kosa langu lilikuwa la tepu. Niliachiwa kufunga konekta ya antena nikaizungushia tepu kuanzia juu kwenda chini, nzuri, imenyooka. Masika yalipoingia ripita ikawa kiziwi: inasema vizuri, haisikii. Maji yalipita kwenye kila mkunjo wa tepu yangu yakaingia ndani ya kebo. Fundi hakunigombeza. Alinionyesha nyumba ya nyasi kule bondeni, akauliza, “Wewe, kuezeka kwenu kunaanza wapi?” Kunaanza chini. Tukakata kebo, tukafunga upya, safu ya juu ikilalia ya chini.

Jua lilikuwa linashuka tulipofika barabarani. Fundi akachomoa redio kiunoni, akabonyeza mara moja bila kusema kitu, akaachia. Ripita ilibaki hewani sekunde mbili hivi, shshsh, kisha ik! ikakata. Muda huo mafundi wanauita mkia. Akarudisha redio kiunoni, akaagiza chai na chapati mbili.